Jaji wa Mkono Mmoja na Pesa Walizosema Ni za Ziada

Pesa ikikuingilia kwa simu kimakosa, sheria ya mtaa unaijua. Mwenyewe atapiga, ataomba kwa upole, atapiga tena akiwa amekasirika, na wewe kama ni mtu wa adabu utairudisha. Hapo hakuna ubishi. Alituma mara moja, vidole viliteleza, na yuko kwa laini anakungoja.

Sasa hebu badilisha hiyo stori kidogo. Aliyetuma ni serikali. Haijatuma mara moja, imetuma kila mwezi kwa miaka sita. Na vidole havikuteleza popote: daktari wake alikupima, afisa wake akapiga hesabu, ukaandikiwa barua kwamba kiasi hiki ni chako kwa sababu ya mguu ulioumia vitani. Ukalipa nyumba. Ukasomesha watoto. Halafu siku moja inaingia barua nyingine: tumegundua tulikulipa zaidi, rudisha.

Sijatunga. Ni kitu kinachowapata wanajeshi wastaafu wa Marekani wanaopokea fidia ya ulemavu kutoka kwa idara yao, ile kila mtu huiita VA. Na kabla uniulize Marekani imetuhusu nini, kumbuka kuna Wakenya wamevaa zile sare. Mwaka 2008 jeshi la Marekani lilianzisha mpango wa MAVNI, wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa udaktari au lugha walizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wengine wameingia kwa njia za kawaida, na kadi ya kijani mkononi. Kwa hivyo hiyo barua inaweza kumfikia binamu yako, yule anayelipia shosho dawa kila mwisho wa mwezi.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, sina profesa wa kuniambia nisome nini. Nikikutana na kitu kinanikera nashika uzi nauvuta. Huu uzi niliuvuta nikidhani utanifikisha kwa kompyuta fulani iliyokosea hesabu. Umenifikisha mwaka 1862, kwa swali moja ambalo Wamarekani wamelibishania tangu hapo: pesa ya mwanajeshi aliyelemaa ni mali yake, ama ni zawadi?

Usilichukulie hilo swali kama maneno ya mawakili tu. Zawadi, aliyekupa anaweza kuibadilisha nia na wewe huna pa kwenda. Mali, lazima akuite, akueleze, akusikize, ndio aiguse.

Tuanze na vita vyenyewe. Mwaka 1862, Marekani ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Congress ilipitisha sheria ya pensheni kwa waliojeruhiwa upande wa Kaskazini. Askari wa kawaida aliyelemaa kabisa alipewa dola 8 kwa mwezi, afisa wa cheo cha juu hadi dola 30. Baadaye zikaja sheria zilizopanga viungo kama bei za sokoni: mkono umekatwa kiasi hiki, mguu juu ya goti kiasi kile, macho yote mawili kiasi kingine. Ukisoma unasikia baridi. Lakini hiyo baridi ilikuwa na faida yake, kwa sababu ukishajua bei ya mkono, hakuna karani wa kukuambia leo amekuamkia vibaya.

Mwaka 1879 walipitisha nyingine, kwamba ukikubaliwa unalipwa malimbikizo kuanzia siku ulipoachishwa jeshi. Unaweza kufikiria venye watu walijitokeza. Mwaka 1890 wakafungua mlango zaidi: hata kama ulemavu wako haukutokana na vita, mradi ulihudumu siku 90 na huwezi kufanya kazi ya mikono, unalipwa. Kufikia 1893 walikuwa na watu karibu milioni moja kwenye daftari, na pensheni zilikuwa zinakula zaidi ya theluthi moja ya matumizi ya serikali kuu. Theluthi moja! Hapo ndipo siasa ilipoingia, kwa sababu wastaafu walipiga kura, na chama cha Republican kilijua.

Mwaka 1889 Rais Benjamin Harrison alimteua kamishna wa pensheni anayeitwa James Tanner. Huyu jamaa ana stori yake. Alikuwa na miaka 18 alipopoteza miguu yote miwili kwenye vita vya pili vya Bull Run, 1862. Akajifunza hati mkato, na usiku ule Lincoln alipopigwa risasi mwaka 1865, Tanner ndiye aliyeitwa kwenye ile nyumba mkabala na ukumbi wa michezo kuandika ushahidi wa mashahidi, rais akiwa anakata roho chumba cha pili. Sasa mtu kama huyo ukimpa funguo za sanduku la pensheni, unatarajia nini? Alilifungua. Wastaafu walipimwa upya na kupandishwa, wengine bila hata kuomba, na wengine wao walikuwa wafanyakazi wa ofisi hiyohiyo ya pensheni. Aliteuliwa Machi, na Septemba mwaka huohuo alikuwa ameshajiuzulu.

Hapa nataka tuwe wakweli. Waliosema kuna pesa zililipwa visivyo hawakuwa wanasingizia watu wote. Ofisi kujipandishia yenyewe si kitu cha kutetea. Shida ni kilichofuata, kwa sababu serikali ilipobadilika, ule uchafu wa wachache uligeuzwa kuwa shuka la kuwafunika wote.

Mwaka 1893 Grover Cleveland alirudi ikulu. Cleveland alikuwa na sifa mbili ambazo wastaafu hawakuzisahau. Kwenye muhula wake wa kwanza alikataa kutia sahihi mamia ya miswada ya pensheni za mtu mmoja mmoja. Na wakati wa vita, yeye mwenyewe hakwenda, alimlipa mhamiaji wa Kipoland dola 150 aende badala yake. Ilikuwa halali kabisa wakati ule. Lakini manze, kwa mtu aliyeacha mguu huko, halali si neno la kumtuliza. Waziri wake aliyesimamia ofisi ya pensheni, Hoke Smith, alitoka Georgia, upande ulioshindwa. Na mwaka huohuo uchumi ukaanguka vibaya. Pensheni za maelfu ya watu zikasimamishwa ili zichunguzwe upya. Zilisimamishwa kwanza, maswali yakaja baadaye. Mtu anaenda kuchukua dola zake 12, anakuta hakuna.

Mmoja wa walioguswa alikuwa Charles D. Long, na huyu hakuwa mzee wa kunyamazishwa dirishani. Alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan. Mwaka 1862, akiwa kijana wa kikosi cha nane cha Michigan, alipigwa kwenye kisiwa cha Wilmington huko Georgia. Mkono wa kushoto ukaenda, na risasi nyingine ikamharibu nyonga. Wakati wa Tanner alipandishwa hadi dola 72 kwa mwezi, kiwango cha mtu anayehitaji kuhudumiwa na mwingine kila siku. Mwaka 1893 kamishna mpya, William Lochren, alimteremsha hadi dola 50.

Fikra ya waliomteremsha ni rahisi kuielewa, hata wewe pengine umeshaiwaza. Huyu ni jaji, anakaa kwa kiti cha mahakama, anapokea mshahara mzuri, analipwaje kama mtu asiyejiweza? Wametuibia. Jibu la upande wake lilikuwa rahisi pia: sheria inapima jeraha, haipimi mshahara. Kwenye ile orodha ya viungo hakuna mahali pameandikwa kwamba mkono unarudi ukipata kazi nzuri. Kidonda cha nyonga hakijui kama mwenye nyonga ni jaji ama ni mchimba mtaro.

Kabla umchukie Lochren, jua kwamba naye alikuwa mwanajeshi. Alikuwa afisa kwenye kikosi cha kwanza cha Minnesota, kile kilichoingia Gettysburg na kikapoteza watu wake wengi ndani ya alasiri moja. Kwa hivyo hii haikuwa vita ya waoga dhidi ya mashujaa. Ilikuwa ni mstaafu mmoja akimwambia mstaafu mwingine kwamba amelipwa kupita kiasi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu inauma zaidi, kwa sababu inaonyesha ofisi ikishakupa kalamu, kumbukumbu za mfereji haziisaidii kalamu kuandika vingine.

Long akaenda mahakamani Washington. Alidai kwamba kamishna hawezi kufuta uamuzi wa kamishna aliyetangulia kwa sababu tu serikali imebadilika, na kwamba pensheni ikishatolewa ni haki yake. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na huko ikafa bila jibu. Sababu? Lochren alikuwa ameondoka ofisini mwaka 1896, ameteuliwa jaji wa mahakama ya serikali kuu kule Minnesota, na sheria ya wakati ule ilisema ukimshtaki ofisa akiondoka, kesi inaondoka naye. Wacha hiyo ikae kidogo. Mtu alikukata pesa, akapata kazi nyingine, na deni la kukujibu likayeyuka.

Lakini kelele hazikupotea bure. Tarehe 21 Desemba 1893, Congress ilipitisha sheria fupi iliyosema pensheni iliyotolewa ni haki iliyokamilika ya mwenyewe, kwa kiwango hiki: haiwezi kusimamishwa wala kuzuiwa kabla mwenyewe hajapewa notisi ya siku zisizopungua 30, ikieleza sababu, ili apate nafasi ya kujibu. Siku 30 na sababu. Leo tunaona ni kitu kidogo. Kwa yule mzee wa dola 12 kilikuwa kila kitu, kwa sababu kilimaanisha hakatwi kwanza aanze kulia baadaye.

Ungedhani stori imeishia hapo, mali imeshinda. Haikuishia. Machi 1933, Franklin Roosevelt hajamaliza hata mwezi ikulu, nchi imeporomoka, Congress ikapitisha Sheria ya Kubana Matumizi. Sheria nyingi za fidia za wastaafu zikafutwa kwa mpigo na rais akapewa mamlaka ya kuamua nani alipwe na kiasi gani. Hii ni miezi michache tu baada ya wastaafu wa vita vya kwanza vya dunia kupiga kambi Washington wakidai bonasi yao, na jeshi, likiongozwa na Douglas MacArthur, likawafukuza kwa mabomu ya machozi na kuchoma vibanda vyao, Julai 1932. Waliochomewa kambi chini ya rais mmoja walikatwa fidia chini ya rais aliyefuata. Congress ilirudisha sehemu ya pesa mwaka 1934, na ilibidi iishinde kura ya turufu ya Roosevelt kufanya hivyo.

Mwaka huo wa 1934, Mahakama ya Juu ikatoa hukumu kwenye kesi ya Lynch. Jaji Louis Brandeis aliandika kwamba bima ya vita, ambayo askari alikuwa anailipia kutoka kwa mshahara wake, ni mkataba, kwa hivyo ni mali na Congress haiwezi kuifuta tu. Hapo wastaafu walishinda. Lakini ndani ya hukumu hiyohiyo akasema pensheni na fidia ya ulemavu ni jambo lingine: hizo ni hisani ya serikali, na hisani inaweza kurudishwa nyuma wakati wowote. Yaani ukilipa dola zako kila mwezi, una mali. Ukilipa kwa mkono wako wa kushoto, una zawadi.

Neno hilo la hisani sisi pia lilitugusa, kwa upande wa pili kabisa. Unapita Kariokor kila siku. Hilo jina ni Carrier Corps iliyotafunwa na ndimi za hapa, wale wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia waliokufa kwa makumi ya maelfu, na mishahara ya wengi wao haikuwahi kuwafikia jamaa zao. Kwenye vita vya pili, askari wa King's African Rifles walipokuwa wanaachishwa, malipo yao ya ahsante yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Hati zilizojitokeza mwaka 2019 zilionyesha mweusi wa cheo sawa angeweza kupata theluthi ya alichopata mzungu. Wazee wetu hawakuwahi kupata barua ya kuambiwa wamelipwa zaidi. Lakini ukiangalia vizuri, mlango waliofungiwa ni uleule: pesa ya jeraha ikishaitwa ahsante, anayetoa ndiye anayeamua ahsante yako ina uzito gani.

Turudi Marekani, kwa sababu kuna kipande kimebaki. Kwa miaka mingi mstaafu hakuweza hata kupeleka VA mahakamani juu ya fidia yake. Na wakili? Sheria ya 1864 ilikuwa imeweka malipo ya wakili yasizidi dola 10 kwa kesi. Mwaka 1864 ilikuwa njia ya kuwalinda wastaafu dhidi ya matapeli, sawa. Lakini hiyo dola 10 ilibaki dola 10 hadi 1988. Niambie ni wakili gani angekufungulia faili kwa dola 10 mwaka 1985, na mwaka huo Mahakama ya Juu ilisema hakuna tatizo. Ni 1988 ndipo Congress iliunda mahakama maalum ya wastaafu na kuondoa hicho kizuizi.

Halafu 2009, kwenye kesi ya mstaafu wa Vietnam anayeitwa Cushman, mahakama ya rufaa ya Federal Circuit ikasema wazi kwamba mtu aliyetimiza masharti ya fidia ya ulemavu ana haki ya mali juu yake, na serikali haiwezi kumnyima bila utaratibu wa haki. Faili yake ilikuwa na ripoti ya matibabu iliyobadilishwa maneno, na maombi yake yakaamuliwa kwa hiyo ripoti. Kutoka Long hadi Cushman ni zaidi ya miaka mia moja, kwa jambo ambalo mama mboga angekujibu kabla hajakurudishia chenji.

Sasa hiyo barua ya leo. Madeni haya yanasimamiwa na kituo cha VA kule St. Paul, Minnesota, jimbo la Lochren. Najua ni sadfa, lakini nilicheka. Chanzo cha deni mara nyingi si wizi. Umetalikiana ukaripoti, au hukuripoti, na nyongeza ya mke ikaendelea kuingia. Ama uko kwenye jeshi la akiba: sheria hairuhusu kupokea fidia na malipo ya mazoezi kwa siku ileile, mwaka wa kawaida una siku kama 63 za aina hiyo, na hesabu inafanywa mwaka ukishapita. Ama ulipunguzwa kazi miaka ya 1990 baada ya vita baridi kwisha, ukapewa mkupuo wa kuondoka, na miaka mingi baadaye ukakubaliwa fidia. Hapo sheria inataka fidia izuiwe hadi ule mkupuo uishe kurudi. VA ikisahau kuzuia, ikikumbuka baada ya miaka, deni ni lako.

Na hapa ndipo kazi ya wale wazee iko, imefichwa kwenye maandishi madogo ya ukurasa wa pili. Una njia mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kupinga: kusema hili deni halipo, au kiasi si hiki. Ukijibu ndani ya siku 30, kwa kawaida hawaanzi kukata hadi waamue. Ya pili ni kuomba kusamehewa: deni lipo sawa, lakini kunidai ni kinyume cha haki na dhamiri njema, hayo ndiyo maneno ya sheria yenyewe. Hapo wanapima kosa ni la nani, kukulipisha kutakuacha na nini mezani, na kama ulibadilisha maisha yako ukiitegemea hiyo pesa. Zamani ulikuwa na siku 180 za kuomba, sasa ni mwaka mmoja tangu notisi.

Kuna kitu cha tatu ambacho barua haikipigii kelele. Kama kosa lilikuwa la VA peke yake, wewe hukuficha kitu na hukuwa na njia ya kujua unalipwa kimakosa, kanuni zao wenyewe zinasema fidia ipunguzwe kuanzia malipo ya mwisho, isirudi nyuma. Maana yake hakuna deni. Lakini lazima wewe ndiye uliseme, kwa maandishi, na uwe na ushahidi. Yule aliyeripoti talaka yake miaka minne iliyopita akaweka nakala kwenye droo ana kesi. Aliyeripoti kwa simu tu, akaambiwa asante, ana kumbukumbu ya sauti ya mtu asiyemjua jina.

Binamu yako akikutumia picha ya hiyo barua, usimuulize kwanza ni pesa ngapi. Muulize imeandikwa tarehe gani.